Makaburi Ndani ya Uzio wa Kambi

Kila mwaka, alizeti ikishavunwa na upepo wa kipupwe ukianza kuvuma, kambi hufungua geti dogo la upande wa kaskazini ili ndugu zangu waingie kufyeka makaburi. Makaburi yenyewe si mengi. Yako kando ya njia ya kurukia ndege, kuelekea mwisho wa mashariki, mahali palipokuwa na kijiji kabla jeshi halijachukua kile kipande cha uwanda. Bibi mzaa baba yangu amezikwa pale. Jamaa zake pia wamezikwa pale, wengine chini ya misalaba ya saruji, wengine wamelazwa kuelekea kibla, maana ukoo wetu una dini zote mbili na sijawahi kusikia watu wakigombana kwa ajili hiyo.

Mimi sikuwahi kuingia nao. Siku hiyo ya mwaka nilizoea kuwaona kwa darubini, wakiwa wadogo kama kuku kwenye shamba lililovunwa, kwa sababu mimi ni mwanajeshi wa kambi hiyohiyo. Nafanya kazi juu ya mnara. Ninaongoza ndege.

Watu wakijua nyumbani kwetu ni wapi huniuliza nilipata wapi moyo wa kufanya kazi juu ya ardhi ambayo wazee wangu walihamishwa. Nilikulia ng'ambo ya korongo, upande wa barabara ya Ilongero, na tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji nilikuwa nikiziona ndege zile zikipanda na kushuka asubuhi nzima. Nilizipenda. Nilipomaliza shule na jeshi likatangaza nafasi, nilikwenda. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alizipokea habari hizo akiendelea kupepeta uwele. Siku ya kuondoka alinifungia karanga na kuku wa kukaanga, akaniambia nikalale mapema.

Yeye ndiye anayeikumbuka siku ya kuhama. Baba alikuwa bado anabebwa mgongoni. Shangazi alikuwa binti wa kuchunga mbuzi. Wazee walisimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na ukanda wa udongo tu, uliosafishwa enzi za mkoloni kwa ajili ya vindege vya barua na vya daktari aliyepita mara mojamoja. Ng'ombe walilala juu yake, na ndege ikisikika watu walitoka mbio kuwaswaga. Baada ya uhuru walikuja wanajeshi, wakapima, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa. Baadaye yakaja malori. Watu waliambiwa njia ya ndege itarefushwa, wahamie ng'ambo ya korongo, na kwamba kule watachimbiwa kisima. Wakahama siku ileile iliyosemwa, vitu vichwani. Waliobaki ni wale waliokuwa chini ya ardhi. Bibi alikuja kufa miaka mingi baadaye, na kwa kuwa alikuwa ameomba sana alazwe karibu na mumewe, mkuu wa kambi wa wakati huo aliruhusu jeneza lipite getini.

Njia ikarefushwa, ikawekwa lami. Yakajengwa mabanda makubwa ya bati. Kuna wakati zilikaa ndege za vita pale, hata mbuzi wa jirani walikuwa wakitoa mimba kwa ajili ya ule mngurumo, au ndivyo walivyodai wenye mbuzi. Kisha zile ndege zikapelekwa kwingine, kambi ikabaki na kazi ya kufundisha. Mpaka leo kazi yake ni hiyo. Vijana huletwa hapa wakiwa hawajui hata namna ya kufunga mkanda wa kiti. Hukaa darasani wakisoma mawingu, ramani na injini. Kisha hukaa ndani ya ndege ndogo ya pangaboi moja, mkufunzi pembeni, wanazunguka uwanja, wanagusa lami, wanapaa tena, wanagusa, wanapaa, mpaka sisi wa mnarani tunachoka kwa niaba yao. Halafu asubuhi moja mkufunzi anafungua mlango, anashuka, anamwambia mwanafunzi, "Nenda." Anayetua salama humwagiwa ndoo ya maji na wenzake, hata kama ni mwezi wa saba na watu wanatetemeka kwa baridi.

Mazoezi hufanyika mapema. Jua likipanda, hewa ya uwandani huanza kuchemka na upepo wa mashariki hushika nguvu, na upepo wa Singida si wa kuchezea. Ndege ndogo hurushwa huku na huku kama karatasi.

Siku ninayoisimulia, ndugu zangu waliingia asubuhi na majembe na mafagio. Gari la kambi liliwashusha makaburini, likarudi. Koplo mmoja kijana alibaki nao, kama ilivyo kanuni, akiwa na redio ya mkononi. Simu zao zilikuwa zimeachwa getini. Nilimtambua Shangazi kwa kanga yake ya njano na kwa mwendo wake. Goti lake la kulia lilikuwa limeshaharibika, alikuwa akitembea kwa kuburuta kidogo.

Hewani kulikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Alikuwa binti kutoka kijiji cha Kintinku, mtoto wa watu wanaolima mpunga na kufuga ng'ombe wachache. Mwembamba, mkimya, na mtu wa kurudia jambo mpaka alielewe. Alikuwa amesharuka peke yake mara kadhaa kuzunguka uwanja. Siku ile alikuwa ametumwa safari yake ya kwanza ya mbali: aende kusini mpaka aione reli, aifuate hadi usawa wa Manyoni, ageuke, arudi. Mkufunzi wake, Meja, alikuwa amekuja kumsubiri mnarani. Meja hakuwa mtu wa kukaa mwanafunzi wake anapokuwa hewani. Alisimama kwenye kioo, njiti ya kiberiti mdomoni, mikono nyuma.

Binti aliita akiwa anakaribia. Kwenye redio tunaongea Kiingereza, na kwa Kiingereza nilimpa upepo, nikamwambia aingie kwenye mzunguko wa kutua. Alijibu vizuri. Nikamsikia akisema anashusha magurudumu.

Halafu akasema kwa Kiswahili, "Mnara, nina taa mbili."

Ndani ya ile ndege kuna taa tatu ndogo za kijani, moja kwa kila gurudumu. Gurudumu likishuka na kujifunga sawasawa, taa yake inawaka. Zikiwaka tatu, unatua. Zikiwaka mbili, hutui.

Meja alitoa njiti mdomoni.

"Mwambie apande, azunguke, apite mbele yetu chini chini," aliniambia. "Tumwangalie."

Nikamwambia. Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshabonyeza king'ora cha zimamoto. Gari lilitoka bandani na kwenda kusimama mahali pake, injini ikiunguruma. Binti alipita mbele ya mnara, chini kiasi cha kuona kofia yake ya rubani, na nilipoelekeza darubini nililiona. Gurudumu la mbele lilikuwa chini. La kulia lilikuwa chini. La kushoto lilikuwa limening'inia nusu, mguu wake umepinda kama wa mbuzi aliyevunjika.

"La kushoto," nilisema.

"Nimeliona." Meja akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Aliongea naye kwa Kiswahili tangu hapo, na hakuna aliyemkumbusha kanuni. "Binti, ni mimi. Mguu wako wa kushoto haujashuka wote. Hilo ni jambo tulilolisoma. Panda juu, tulia. Tutalifanya moja baada ya jingine."

"Ndiyo, afande."

Alimwambia ayarudishe magurudumu yote juu, kisha ayashushe tena. Mawili yalipanda na kushuka. La kushoto halikupanda wala kushuka. Alimwambia achukue mpini wa dharura avute kwa mkono. Tulimsikia akihema huku akivuta. Alimwambia ageuke kwa nguvu kulia, kisha kushoto, ili uzito uutikise ule mguu. Ndege ilijiviringisha kule juu, jua likamulika tumbo lake jeupe. Akaita.

"Bado mbili, afande."

"Vizuri. Rudia."

Alirudia. Bado mbili.

Ndege zile hazina mwavuli wa kurukia. Hakuna njia ya kutoka ndani yake isipokuwa kwa kutua. Meja alinirudishia kipaza sauti, akaegemea meza. Niliona jasho limemtoka juu ya midomo.

"Atatua hivyohivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Atatua na mguu wa kulia na wa mbele, aushikilie upande wa kushoto juu kadiri atakavyoweza. Mwendo ukipungua bawa litaanguka, na likigusa chini litamvuta kushoto, nje ya lami. Hilo halina ujanja." Aliutazama mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo. Ulikuwa umesimama umenyooka, mdomo wake ukiwa umeelekea mashariki. "Ningependa apunguze mafuta kwanza. Lakini tukingoja, upepo utampiga. Kushoto kuna nini?"

Tulitazama wote wawili. Akitua kwa kuukabili ule upepo, kushoto kwake kungekuwa kaskazini. Kwenye nusu ya mwisho ya njia, upande wa kaskazini, ile kanga ya njano ilikuwa imeinama juu ya kaburi la bibi yangu.

"Tukimleta kwa upande mwingine?" niliuliza.

"Upepo huu ukiwa mgongoni atatua kwa kasi, hatasimama mpaka kwenye majabali ya mwisho wa magharibi." Akageuka. "Waondoe wale watu."

Nilichukua redio ya ardhini nikamwita Koplo. Nilimpa maagizo: awatoe ndugu wote makaburini, sasa hivi, awapeleke kaskazini nyuma ya mawe makubwa yaliyo karibu na geti. Akapokea. Nikampigia dereva wa gari la kambi. Alikuwa ameshafika upande wa pili wa mabanda, na ili awafikie angelazimika kukatisha njia ambayo ndege inaweza kuihitaji wakati wowote. Nikamkataza. Wangetembea.

Nilipochukua tena darubini, niliwaona wachache wameanza kusogea. Wengine walikuwa wamesimama. Kanga ya njano haikuwa imesimama wala kusogea. Ilikuwa imekaa chini.

"Sajenti," Koplo aliniita kwenye redio. "Kuna bibi mmoja hataki kuondoka, na hawa wengine wanamsubiri yeye."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia amri imetoka, wapishe haraka."

Meja alikuwa anasikia. "Huyo bibi ni nani?"

"Ni shangazi yangu, afande."

Alinitazama, na sidhani kama alinitazama vibaya. "Basi ongea naye. Mimi nitakaa na binti."

Nilimwambia Koplo ampe Shangazi redio na amwonyeshe pa kubonyeza. Kulikuwa na mikwaruzo, upepo ukapuliza ndani ya kipaza sauti, kisha nikasikia pumzi yake. Nyuma yangu Meja alikuwa akimwambia binti afunge mkanda mpaka umuume. Nilimwamkia Shangazi kwa Kinyaturu, kwa kuwa nisingemwamkia asingenisikiliza, na kwa kuwa tukiwa wawili hatujawahi kuongea lugha nyingine.

"Ni wewe?" aliuliza. "Uko huko juu?"

"Ni mimi, Shangazi. Naomba mnyanyuke muondoke hapo."

"Nani anatufukuza?"

"Hakuna anayewafukuza."

"Huyu kijana kasema amri. Hata siku ile walikuja na amri. Mama alikuwa na chungu motoni, akakiacha kinachemka. Leo nimekuja kumfagilia, hata sijamwombea, naambiwa tena amri. Waambie wasubiri nimalize."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, na mimi namfahamu. Niliona kwamba nikimwambia neno "haraka" mara moja zaidi atajifunika kanga na kulala palepale.

"Shangazi, tazama juu. Unaiona ile ndege inayozunguka?"

"Naiona. Inazunguka tangu muda."

"Ndani yake kuna binti. Yuko peke yake. Mguu mmoja wa ndege umekwama, hautaki kushuka. Akitua, ndege itaangukia kushoto itoke kwenye lami, na hapo mlipo ndipo itakapokuja. Hana pengine pa kutua. Na hataweza kutua nyinyi mkiwa hapo."

Upepo ulipuliza tena. Nilidhani ameachia kitufe.

"Binti wa nani?" aliuliza.

"Wa watu wa Kintinku. Wakulima."

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Sasa kwa nini huyu kijana hakusema hivyo tangu mwanzo?" Alisema hivyo kwa ukali, kama vile kosa ni langu, kisha nikamsikia akiwaita wengine, sauti ikiwa mbali na redio: "Njooni mninyanyue. Acheni majembe. Acheni, nimesema!"

Walianza kutembea. Kwa mtu mwenye miguu mizima ni mwendo mfupi, kutoka makaburini hadi kwenye yale mawe. Kwa goti la Shangazi ulikuwa mrefu. Niliwaona wakimwachia nafasi, wakimshika kwapa, wakisimama, wakiendelea. Nyasi zilikuwa zimelala kwa upepo na kanga yake ilikuwa ikipepea nyuma kama bendera.

"Afande," binti aliita. "Upepo unanitupa."

"Najua. Subiri kidogo. Kuna watu wanapita."

"Mafuta yapo. Ila mkono unachoka."

"Badilisha mkono. Zunguka mara moja tu, kisha njoo."

Meja aliachia kitufe akanigeukia. Nilimwambia, "Bado nusu." Kule chini Koplo alikuwa ameinama mbele ya Shangazi. Nikaona kanga ya njano ikipanda juu ya mgongo wake, na kisha Koplo akikimbia, bunduki ikimpiga kiunoni, Shangazi akiwa amemkumbatia shingo. Wakazama nyuma ya majabali.

"Wametoka," nilisema.

Meja akabonyeza. "Njoo, mwanangu."

Alikuja kutoka magharibi, pua ikiwa imeelekezwa kwenye upepo, mabawa yakiyumba, akiyaweka sawa, yakiyumba tena. Meja alikuwa akimsemesha polepole, maneno machache. Punguza. Shikilia. Usitazame taa, tazama mwisho wa lami. Nilikuwa nimeshika simu ya zahanati sikioni, mtu wa upande wa pili akisema halo, halo, na mimi sikumjibu.

Gurudumu la kulia likagusa. Moshi mdogo. La mbele likagusa. Bawa la kushoto lilibaki juu, na lilibaki, na lilibaki, alilishikilia mpaka nikaanza kufikiri kwamba labda ule mguu nusu utambeba. Halafu mwendo ukapungua na bawa likashuka.

Sikusikia kitu mwanzoni, maana mnara uko mbali na pale. Niliona cheche. Niliona ndege ikivutwa kushoto, kama mtu aliyeshikwa mkono ghafla, ikatoka kwenye lami, ikaingia kwenye nyasi, vumbi likapanda. Ndani ya lile vumbi mkia uliinuka, ukageuka. Kisha sauti ikafika. Kisha vumbi tu, na gari la zimamoto likikimbilia ndani yake.

"Toka," Meja alikuwa akisema ndani ya kipaza sauti. "Zima injini utoke. Toka. Toka."

Hakujibiwa. Alitupa kipaza sauti mezani akashuka ngazi mbio. Mimi sikuruhusiwa kushuka. Nilibaki na darubini. Povu jeupe lilikuwa likimwagwa kwenye injini. Upepo ulipeperusha vumbi, na nikaona ndege imesimama katikati ya makaburi, pua imelala, bawa la kushoto limevunjika, na chini ya lile bawa msalaba wa bibi yangu umelala vipande. Kioo cha rubani kikafunguka. Binti akatoka, mkono mmoja umening'inia, akashuka upande usiofaa, akaanguka, akanyanyuka mwenyewe.

Aliyemfikia kabla ya Meja alikuwa Shangazi. Mpaka leo Koplo anaapa kwamba alimweka chini nyuma ya jabali na kumwambia asitoke. Sijui lile goti lilimfikishaje pale. Nilimwona akivua kanga akamfunga binti mabegani, akamkalisha kwenye nyasi, akamshika kichwa kifuani kwake. Wale wa zimamoto walikuwa wakiwapungia waondoke, na wao wawili hawakuwatazama.

Yaliyosemwa pale nilisimuliwa baadaye na Koplo. Meja alipofika alipiga magoti kwa binti kwanza, akamgusa mkono, akamuuliza jina lake na siku ya wiki, kuona kama akili zake ziko sawa. Kisha akanyanyuka akakuta Shangazi anamtazama.

"Kaburi la mama yangu mmelivunja," Shangazi alisema.

Meja akavua kofia. "Tumelivunja, mama. Tutalijenga."

"Na kisima mlisema mtachimba."

Meja hakuwa amezaliwa wakati huo. Hakusema hivyo. Alisema, "Ndiyo, mama," akabaki ameshika kofia yake.

Zamu yangu ilipoisha nilikwenda zahanati ya kambi. Binti alikuwa amefungwa mfupa wa bega, ameshonwa juu ya jicho. Aliniomba simu yangu ampigie mama yake Kintinku. Nikamkalisha vizuri, nikampa. Alimwamkia mama yake, akamuuliza kama mpunga umeshakobolewa, kama yule ng'ombe mweusi amezaa, kama baba amekwenda mnadani. Alicheka mahali fulani. Akasema huku ni baridi na upepo. Akasema anasoma vizuri. Akaaga. Aliponirudishia simu ndipo alipoanza kutetemeka, mwili mzima, mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, na nikamshika ule mkono wake mzima hadi muuguzi alipokuja.

Jioni nilimkuta Shangazi nyumbani, amekaa jikoni hajawasha moto. Nilisonga ugali wa mtama, nikapika mlenda, tukala. Aliniuliza kama yule binti amekula. Nikamwambia amekunywa uji. Kisha akalia kwa ajili ya kaburi, kimya kimya, na mimi nikaosha vyombo.

Wachunguzi walikuja wakaifungua ile ndege. Walikuta chuma kimoja kidogo cha mguu wa kushoto kimepasuka ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Ndege zote za aina ile zilisimamishwa mpaka zikakaguliwa. Kaburi lilijengwa upya. Walitumwa mafundi wa kambi, na Shangazi alikaa pale juani kwenye kigoda siku zote walizojenga, akawafanya wabomoe msingi na kuuanza tena kwa sababu ulikuwa hauelekei mahali pake. Kuhusu kisima, mkuu wa kambi alimpokea ofisini, akamsikiliza, akasema atalifikisha juu. Lilifikishwa juu. Hatujasikia tena, na Shangazi bado anauliza kila anapokutana na mtu mwenye nyota begani.

Binti alikaa chini miezi kadhaa. Wapo waliosema hatarudi hewani. Alihudhuria darasa, alisoma, Jumapili nyingine alikuja kwetu kumsaidia Shangazi kupepeta uwele kwa mkono mmoja. Tuliongea mambo ya kawaida. Halafu bega likapona, daktari akasaini, na Meja akaruka naye wiki nzima akiwa pembeni yake.

Asubuhi aliyopangiwa kuruka tena peke yake niliona zamu ni yangu. Nilimfuata Meja bwaloni nikamwomba anibadilishie na mwenzangu.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Siwezi, afande. Nitakosea."

"Yeye hajaomba kubadilishiwa," alisema, akaendelea kunywa chai.

Nikapanda mnarani. Nilimpa ruhusa ya kuruka. Alizunguka uwanja, akaripoti, nikamjibu. Meja alisimama kwenye kioo na mikono nyuma. Mimi nilisimama pia, jambo ambalo silifanyi, na sikuthubutu kuchukua darubini. Ndege ilishuka kutoka magharibi, upepo ukaitikisa mara moja, akaiweka sawa, akagusa lami, akaenda mbele mpaka mwendo ukaisha.

Nilitaka kumwambia kitu. Nilibonyeza kitufe. Nyuma yake kulikuwa na mwanafunzi mwingine ameshageuka kuja kutua. Nikamwambia binti atoke njiani upesi, aende akaegeshe.